Nilinunua Kibandiko cha i7, Sikuuliza Mwaka

Kwa miaka minne nyumba yetu ya watu watano ilitegemea kompyuta mpakato moja ambayo bawaba ya kioo chake ilikuwa imeshikwa kwa gundi. Binti yangu mkubwa aliandikia kazi zake za shule hadi saa nne usiku. Mke wangu, ambaye ni mshonaji, alingoja zamu yake aingize vipimo na malipo ya wateja. Mimi nilingoja wote walale ndipo nimalizie ripoti za kazini. Siku bawaba ilipoachia kabisa na kioo kikabaki kinaning'inia kwa waya, tulikaa tukaamua kununua kompyuta ya mezani.

Uamuzi huo sijaujutia hata leo. Kwa fedha ileile, kompyuta ya mezani hukupa nguvu zaidi kuliko mpakato. Kibodi ikimwagikiwa maji unabadilisha kibodi peke yake. Kioo unakiweka usawa wa macho, shingo haiumi. Na kwa nyumba yenye watoto kuna faida nyingine: kompyuta inakaa sebuleni, mahali pamoja, kila mtu anaona inafanya nini. Nilichojutia ni namna nilivyokwenda kuinunua.

Nilikwenda na akiba ya miezi saba na maneno matatu kichwani: i7 ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, giga nane za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, na tera moja ya diski, yaani mahali pa kuhifadhia faili. Nilikuwa nimeyasikia kwa watu, nikayashika kama mtoto aliyetumwa dukani. Muuzaji wa kompyuta zilizokwisha tumika akanionyesha kasha kubwa jeusi lenye kibandiko cha i7 kinachong'aa. Mashine ilikuwa tayari imewashwa nilipofika, na hilo sikulitilia maanani. Akafungua folda mbili, akazifunga, akaniambia i7 haina mpinzani. Sikuuliza ni i7 ipi. Sikujua hata kwamba kuna swali kama hilo. Theluthi mbili za akiba yetu zikaishia kwenye kasha, iliyobaki ikanunua kioo cha mraba cha inchi 17, kibodi na kipanya. Hazikupita dakika ishirini.

Usiku ule ule tukagundua haina waifai. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa baada ya kutumika zilitoka maofisini, ambako ziliunganishwa kwa waya wa mtandao, kwa hiyo hazikuwekewa kipokezi cha waifai. Si kasoro, lakini ni gharama, na hakuna aliyenitajia. Kesho yake nikanunua kidude kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB. Kioo nacho hakikuwa na spika, na mezani hakuna kamera. Binti yangu alikuwa na kipindi cha masomo kwa video wiki ile, akalazimika kukifuata kwenye simu yangu huku kompyuta "mpya" ikiwa mbele yake. Nilimwona anavyojitahidi asinionyeshe kuwa amevunjika moyo.

Kisha ukaja uzito wenyewe. Kuwaka hadi kuonyesha picha ya mwanzo ilichukua kama dakika nne, halafu dakika nyingine tatu diski inakoroma kabla kivinjari hakijafunguka. Na kila tulipozima umeme ukutani, tarehe ya kompyuta ilirudi nyuma miaka mingi, kisha tovuti zikakataa kufunguka zikidai muunganisho si salama. Mimi nikaamini ni virusi. Nikaipeleka kwa fundi, akanitoza fedha ya kusafisha virusi. Wiki moja tu, ikarudia. Nikalipa tena.

Hapakuwa na virusi. Ndani ya karibu kila kompyuta ya mezani, kwenye ubao mkuu, kuna betri bapa kama sarafu, mara nyingi aina ya CR2032. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea wakati umeme haupo. Ikifa, saa inaanza upya kila ukichomoa waya. Tovuti nazo hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini iko miaka kumi nyuma huviona vyeti vyote batili. Betri hiyo ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa utakavyowahi kununulia kompyuta, na kuibadilisha ni kazi ya dakika mbili. Nililipa mara mbili kusafisha kitu kisichokuwepo.

Hayo yote tungeyavumilia. Lililotuumiza lilikuja mwezi wa tatu tangu tuinunue. Diski ilianza kutoa mlio wa tik, tik, tik, kama mtu anayegonga meza kwa kucha. Nikauzoea. Jumapili moja asubuhi kompyuta ikakataa kuwaka, ikabaki na maandishi meupe kwenye kioo cheusi. Ndani yake kulikuwa na mwaka mmoja na nusu wa vipimo vya wateja wa mke wangu: vifua, viuno, urefu wa mikono, nani amelipa nusu, nani anadaiwa. Tulikuwa tumehamisha kila kitu kutoka kwenye ile mpakato, kisha tukaiuza mpakato kwa vipuri. Nakala nyingine haikuwepo popote.

Mke wangu hakunigombeza. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akaniuliza taratibu, "Na vipimo vya watu?" Sikuwa na jibu. Kwa wiki mbili alikuwa akipigia wateja simu mmoja mmoja kuwaomba waje wapimwe upya, na waliokuwa wakidaiwa wengine walisema hawadaiwi. Hiyo ndiyo gharama ambayo huwa siitaji kwanza watu wakiniuliza kompyuta ile ilinigharimu kiasi gani, lakini ndiyo kubwa kuliko zote.

Safari hii nilimtafuta fundi mwingine, kijana mtulivu ambaye aliwasha taa ya mezani, akafungua kasha mbele yangu na kuniita nione. Diski aliichomeka kwenye mashine yake akaifungulia programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Ikasoma kwamba diski imekwisha tumika zaidi ya saa elfu 41, yaani karibu miaka mitano ya kuzunguka bila kupumzika, na ina sehemu nyingi zilizokufa. Kisha akaniambia neno ambalo limebadilisha namna ninavyonunua kila kitu cha umeme: "Mzee, hukudanganywa. Ni i7 kweli. Ila ni i7 ya mwaka 2011."

Hapa naomba nikae kidogo, maana naona watu wengi wanapotelea palepale nilipopotelea.

Jina la prosesa za Intel lina sehemu mbili. Ile i3, i5 au i7 inayoandikwa kwenye kibandiko hulinganisha ndugu wa tumbo moja tu, yaani prosesa za kizazi kimoja. Haikuambii lolote ukivuka kizazi. Kizazi kimo kwenye tarakimu zinazofuata kistari. Yangu ilikuwa i7-2600: kizazi cha 2. i5-8500 ni kizazi cha 8, i5-12400 ni cha 12. Zikiwa tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi. Zikiwa tano, chukua mbili za mwanzo. i3-8100, prosesa ya mwaka 2017 ambayo wauzaji huionea haya kwa kuwa ni "i3 tu", kwa kazi za nyumbani inaipita ile i7 yangu, na inatumia umeme mdogo zaidi. i5-8500 ya mwaka 2018 ina viini sita, yaani sehemu sita za kufanyia kazi kwa wakati mmoja. I7-2600 ina vinne. Muuzaji anayekuambia "hii ni i7" bila kutaja namba hajakuambia kitu.

Herufi ya mwisho nayo isome. T maana yake ni toleo la kutumia umeme kidogo, polepole kiasi, linalowekwa kwenye vikasha vidogo. Kwa nyumbani halina shida. F ndiyo ya kuogopa: i5-12400F, kwa mfano, haina uwezo wa kutoa picha yenyewe, inahitaji kadi ya michoro ya kununua pembeni, na bila kadi hiyo kioo kitabaki cheusi. Kwa AMD, mshindani wa Intel, prosesa nyingi za zamani za Ryzen za mezani hutoa picha zenyewe kama zina herufi G mwishoni, mfano Ryzen 3 3200G. Mashine mpya kabisa za Intel zimeanza kuitwa Core Ultra tangu mwishoni mwa 2023, na hapo hesabu ya tarakimu ni nyingine, ila mwenye bajeti yetu hakutani nazo mara nyingi.

Namba hiyo huhitaji kuamini mdomo wa mtu. Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya utendaji (Performance), jina kamili la prosesa litaonekana juu upande wa kulia. Kisha liingize kwenye intaneti ulione lilitoka mwaka gani. Mimi sasa naliandika kwenye karatasi kabla sijauliza bei.

Kizazi kina jambo jingine zito kuliko kasi. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa prosesa inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8 cha Intel, na kwa AMD kuanzia Ryzen za mfululizo wa 2000, pamoja na vighairi vichache. Mashine yangu haikuwa na njia rasmi ya kuvuka. Ndiyo maana kompyuta za kizazi cha 4, cha 6 na cha 7 zimejaa sokoni kwa bei laini: maofisi yanaziondoa. Ukiinunua huku ukijua, kwa mpango wa kuweka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, ni sawa. Ukiinunua bila kujua, utakuwa umenunua tatizo la mtu mwingine.

Fundi yule hakunishauri niitupe. Alinishauri niweke SSD ndogo badala ya diski ya kuzunguka, betri mpya ya sarafu, na Linux Mint, ambayo ni ya bure. Nilikubali shingo upande, nikidhani natupa fedha juu ya fedha. Kompyuta ile ile iliyokuwa ikichukua dakika nne ikawaka kwa sekunde zisizofika thelathini. Nilisimama pale kwenye benchi lake nikiwa na hasira na furaha kwa pamoja. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachosafiri juu ya sahani kutafuta kila kipande cha faili, na kompyuta inapowaka hutafuta maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika. SSD haina kitu kinachosafiri. Hata SSD ya kawaida ya SATA husoma karibu megabaiti 500 kwa sekunde, na ile ya kuzunguka hufika 100 hadi 200 hivi faili likiwa limejipanga vizuri, na hushuka vibaya sana vikiwa vipande vidogo. Kama una fedha ya kuboresha kitu kimoja tu kwenye kompyuta ya zamani, weka SSD. Kabla ya RAM, kabla ya kila kitu. Ile tera moja niliyokuwa nikijivunia ndiyo hasa iliyokuwa ikituchelewesha, na hatukuwahi kujaza hata robo yake.

Mashine hiyo ikawa ya watoto. Kwa kivinjari, kuandika kwa LibreOffice, programu za bure za kazi kama za Word na Excel, na kutazama masomo ya video inawatosha. Lakini mke wangu alihitaji programu yake ya kuchora mitindo ambayo inakwenda kwenye Windows tu, na mimi kazini natumiwa faili ambazo LibreOffice huzivuruga mpangilio. Tukaanza kuweka akiba upya.

Safari ya pili tulianza na karatasi badala ya sokoni. Wiki nzima kila mtu nyumbani aliandika alichofanya kwenye kompyuta na kwa muda gani. Orodha ilipokamilika ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani: kivinjari chenye kurasa kumi na kitu, Excel, kuandika, mikutano ya video, filamu, picha za familia, kuchapa. Hakuna mchezo mzito, hakuna uhariri wa video. Kwa hiyo kadi ya michoro tukaifuta palepale, na hiyo peke yake hupunguza bei sana. Kwa kazi kama zetu mahitaji ni prosesa ya viini vinne au zaidi ya kizazi cha 8 kuendelea, SSD ya giga 256 au zaidi, na RAM ya giga 8 kama mwanzo, 16 ukitaka raha. Windows 11 kwenye karatasi inakubali giga 4. Usijaribu kuishi nazo.

Tulipima njia mbili. Ya kwanza ilikuwa vikompyuta vipya vidogo vyenye prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023. Vinatosha kiganjani, havina kelele, vinatumia umeme kidogo mno, na kwa kivinjari na maandishi vinatosha kabisa. Nilikaribia kununua. Kilichonizuia ni kwamba N100 inakubali kijiti kimoja tu cha RAM, na kwenye baadhi ya vikompyuta hivyo RAM imechomelewa kabisa kwenye ubao, huwezi kuiongeza. Bado nadhani ni chaguo zuri kwa mtu anayetaka kitu kipya chenye dhamana na asiye na mpango wa kukifungua.

Ya pili, tuliyoichagua, ni kompyuta za ofisini zilizorudishwa sokoni: familia za Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Zilitengenezwa zifanye kazi mchana kutwa kwa miaka, zinafunguka kirahisi, na vipuri vyake vipo kwa sababu zilitengenezwa nyingi. Huja kwa maumbo matatu. Kasha kubwa la kusimama lina nafasi ya kila kitu. La kati, jembamba, lina nafasi ya diski mbili na vijiti kadhaa vya RAM, ila pawa saplai yake mara nyingi ni ya umbo la kiwanda chake. Ikiungua, ya kawaida ya sokoni haitoshei. Dogo kabisa, la ukubwa wa kitabu kinene, hutumia adapta ya nje kama ya kompyuta mpakato, na RAM yake ni ile fupi ya mpakato. Tulichagua la kati.

Sasa nieleze nilivyokagua, maana hapa ndipo nilipokuwa mtu mwingine. Nilikwenda na flashi yenye Linux Mint inayowaka moja kwa moja bila kusakinishwa, flashi nyingine tupu ya kujaribia matundu, na spika za masikioni. Muuzaji wa kwanza nilipomwomba azime mashine iliyokuwa ikiwaka na tuiache ipoe kidogo kabla ya kuiwasha upya, alikasirika akasema namkosea imani. Nikamshukuru, nikaondoka. Kuwaka ikiwa baridi ndiko kunakoonyesha maradhi mengi: saa iliyorudi nyuma, feni inayolia, diski inayosita.

Kwa wa pili nilikuta mashine nzuri sana, i5 ya kizazi cha 9, lakini nilipojaribu kuingia kwenye bayosi, ukurasa wa mipangilio ya ndani unaofunguka kabla ya Windows, ikaniomba nenosiri ambalo hata yeye hakulijua. Hilo ni kufuli la ofisi ya awali. Kwenye mashine hizi kulifungua kunaweza kuwa kazi kubwa au kusiwezekane kabisa, na huwezi kujua kama mashine iliondoka ofisini kwa halali. Niliumia, maana bei ilikuwa ya chini kuliko zote nilizoona. Niliiacha.

Wa tatu aliniacha nikae nayo dakika arobaini. Nikaiwasha baridi. Nikaingia bayosi: wazi, tarehe sahihi. Nikasoma prosesa: i5-8500. Nikasoma SSD: giga 256, afya asilimia 94. Nikaangalia kama Windows imeamilishwa kwa leseni halali kwenye ukurasa wa mipangilio, kwa sababu yule aliyeniuzia ile i7 alikuwa ameniwekea Windows ya kufunguliwa kwa programu za wizi, na programu hizo mara nyingi huja na wageni wengine ndani yake. Nikachomeka flashi kwenye kila tundu, mbele na nyuma. Tundu moja la nyuma lilikuwa limekufa, nikamwonyesha, akapunguza bei bila ubishi. Nikacheza video ndefu huku mkono uko nyuma kwenye tundu la hewa, nikisikiliza feni. Nikaomba afungue kasha: vumbi lilikuwepo, kutu na alama za maji hapana. Akaandika kwenye risiti namba ya mashine na dhamana ya miezi mitatu. Ukipata muuzaji wa namna hii mpelekee na wenzako.

Bado nilifanya kosa. Mashine ilikuwa na kijiti kimoja cha RAM cha giga 8, nikataka kuongeza cha pili. Nikanunua kijiti kwa mtu mwingine, giga 8, bei nzuri. Kufika nyumbani hakiingii. Nilikisukuma kidogo, namshukuru Mungu sikukisukuma zaidi. Kilikuwa DDR3, kizazi cha RAM cha nyuma, na mashine inataka DDR4. Pengo la katikati ya meno limewekwa mahali tofauti makusudi ili usiichanganye. Muuzaji akakataa kurudisha fedha yote, akanirudishia nusu. Kabla ya kununua RAM soma maandishi yaliyoko kwenye kijiti kilichomo ndani, au chukua picha yake uende nayo. Tulipopata sahihi, vijiti viwili vinavyolingana vilifanya na picha za video zitiririke vizuri zaidi, kwa sababu michoro ya ndani ya prosesa hukopa RAM hiyohiyo, na vijiti viwili huipa njia mbili badala ya moja.

Kioo tulibishana. Mimi nilitaka tuendelee na kile cha inchi 17. Mke wangu alisema kitu pekee cha kompyuta ambacho macho yake yanakigusa siku nzima hawezi kukipunja. Alikuwa sahihi, na nimemwambia hivyo. Tulinunua kilichokwisha tumika, inchi 24, nukta 1920 kwa 1080, aina ya IPS ambayo rangi hazibadiliki ukikitazama kwa pembeni. Kwa mtu anayechagua rangi za vitambaa hilo si anasa. Kikague kwa kufungua ukurasa mweupe mtupu kisha mweusi mtupu, utaona nukta zilizokufa na madoa. Pia linganisha matundu kabla ya kulipa. Kompyuta yetu ina DisplayPort, kioo kina HDMI na VGA. Adapta ilikuwa nafuu, lakini ilituchelewesha siku mbili nyingine.

Kisha umeme. Kompyuta ya mezani haina betri. Umeme ukikatika inazima hapohapo, na faili lililokuwa wazi linaweza kuharibika. Tuliongeza UPS ndogo, yaani betri ya akiba ya kuchomekea kompyuta. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni VA. Wewe tafuta wati, ambayo huwa ndogo kuliko hiyo. Kwa kompyuta kama yetu na kioo chake, yenye wati 300 na kitu inatosha kukupa dakika kadhaa za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Mashine ya kuchapa ya leza usiichomeke humo, inavuta umeme mwingi kwa ghafla. Betri yake nayo huchoka baada ya miaka michache, ihesabu kama gharama ya baadaye.

Nilipojumlisha kila kitu, kasha lenyewe lilikuwa karibu nusu tu ya fedha tuliyotumia. Nusu nyingine ilikwenda kwenye kioo, RAM, UPS, waifai, kamera, spika na adapta. Mara ya kwanza nilikuwa nimemaliza akiba kwenye kasha, kioo, kibodi na kipanya, ndiyo maana kila kitu kingine kilikuja kwa mkopo na lawama. Mtu akiniuliza leo, humwambia agawe fedha yake mara mbili kabla hajatoka nyumbani, nusu moja aifiche.

Nilikopeshwa pia kipima umeme cha kuchomeka ukutani. Ile ya zamani, ikiwa imewaka tu haifanyi kitu, ilivuta kama wati 60. Mpya, kama 20. Kwa kompyuta inayowaka saa kumi kwa siku, hiyo ni tofauti ya karibu uniti 12 kila mwezi, na kwa miaka mitatu inafika zaidi ya uniti 400. Kompyuta ya bei ya chini inaendelea kukutoza kimyakimya.

Mashine ina mwaka na miezi sasa. SSD ya giga 256 imeanza kujaa picha za watoto, na kwenye ubao kuna nafasi ya kuongeza nyingine, nadhani tutaongeza mwishoni mwa mwaka. Ile diski iliyokufa nimeitunza. Fundi alisema wapo wataalamu wanaoweza kuokoa vilivyomo, kwa bei inayozidi ya kompyuta yenyewe. Mke wangu alisema tuachane nayo, watu wamekwisha kupimwa upya na wengine hata wamenenepa. Kila Ijumaa jioni anachomeka diski ya nje na kunakili folda ya wateja kabla hajafunika cherehani, nakala nyingine inakwenda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni, na vipimo vyote bado anaviandika kwanza kwenye daftari la karatasi ambalo amekataa kabisa kuliacha.